Piza ya Kina Bombambili

Jumapili, 8 Januari 1995

Daftari hili nimelitoa ofisini. Lilikuwa na maandishi ukurasa wa kwanza tu, nikauchana. Nataka niandike kuanzia leo mpaka Pasaka, kwa sababu Pasaka kaka yangu Aidan anakuja nyumbani, na kabla hajafika kuna kazi moja nataka niwe nimeimaliza.

Barua yake niliichukua posta juzi Ijumaa. Ndani kulikuwa na picha. Amevaa aproni nyeupe, ameshika kwa mikono miwili sufuria nyeusi ya duara, na ndani ya sufuria kuna kitu chekundu kinachong'aa kama barabara iliyonyeshewa. Anacheka. Nyuma ya picha kaandika: "Hii ndiyo piza ya kina. Kwa siku natoa mia moja."

Aidan aliondoka mwaka 1988. Mapadri walimtafutia chuo Marekani, Baba akachinja mbuzi wawili, mtaa wetu mzima wa Bombambili ukaja kumuaga. Mama alifariki mwaka 1990, Aidan hakuweza kuja. Miaka miwili iliyopita akaandika kwamba chuo kimemshinda, ameacha, sasa anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya chakula huko Chicago. Tangu siku hiyo Baba hajasoma barua yake hata moja. Nikimsomea, anatoka nje kuangalia kuku.

Ijumaa nilisoma kwa sauti, haraka, kabla hajafika mlangoni: "Nimepata likizo ya wiki tatu, nitafika wiki ya Pasaka." Baba alisimama kidogo. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba akija atafute pa kufikia, nyumba hii haijajengwa kwa ajili ya wapishi. Picha niliiacha mezani.

Baba yangu ni Rupert Komba, fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa huu amezijenga yeye. Akisema neno, hulisema mara moja.

Lakini mimi niliwahi kumuuliza Aidan kwenye barua anashinda akifanya nini hasa, na safari hii ameniandikia yote, kurasa mbili, jinsi piza hiyo inavyotengenezwa. Nimeamua. Nitaipika, na Baba ataila kabla Aidan hajashuka kwenye basi. Mtu akishakula kazi ya mwanawe, atamfukuzaje?

Jumatatu, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Ofisini hakuna kazi. Ushirika wetu umebaki jina. Wakulima wanauza mahindi kwa watu binafsi wanaokuja na malori yao. Nimepiga chapa maelezo ya Aidan kwa nakala mbili. Mkuu wa ofisi amepita, ameona ninavyokazana, akasema vizuri, Noela, vizuri. Alidhani ni ripoti.

Jumanne, 10 Januari

Nimeisoma mara sita. Kinachonishangaza ni mpangilio. Unga uliokandwa unautandaza chini na kuupandisha ukutani mwa sufuria mpaka juu. Halafu jibini, chini kabisa, juu ya unga. Halafu nyama au mboga. Rojo la nyanya linakuja mwisho, juu ya vyote. Aidan anasema ukitanguliza nyanya unga unalowa, na ukiweka jibini juu inaungua kabla unga haujaiva, maana kitu chenyewe ni kinene.

Na ameandika hivi: "Usihangaike kukanda mwenyewe. Hata mimi nikiwa nyumbani kwangu nanunua unga uliokwishakandwa dukani. Tafuta mtu anayeoka mikate."

Alhamisi, 12 Januari

Mtu anayeoka mikate ni Bashiru, kule Majengo. Ni mtu wa Tunduru, ana tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na mikate yake huisha kabla ya saa nne. Nilipomwambia nataka unga uliokandwa, mbichi, hakuelewa. Akanipa mkate. Nikasema hapana, kabla haujawa mkate. Akamwita mkewe, Zena, aje asikie.

"Dada, tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuja kununua kwangu usingizi wa mkate," Bashiru alisema. "Watu wananunua mkate ukiwa macho."

Mwishowe akanikatia donge la nusu kilo, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga. Mvua ikanikamata njiani nikajibanza barazani kwa mtu karibu saa nzima. Kumbe hamira haisubiri mvua. Mfuko ulijaa, ukawa kama mpira, ukapasuka mikononi mwangu mbele ya watu niliojibanza nao. Nilirudi nyumbani nimelibeba donge ndani ya kitenge kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 14 Januari

Ya kwanza. Sikuwa na jibini, niliweka mayai. Sufuria juu ya jiko la mkaa, mfuniko juu. Chini imeungua ikawa nyeusi, juu unga ni mbichi, nyanya zimechemka tu kama mchuzi. Kuku wamekula. Baba alikula ugali na likolo la majani ya maboga, akasema likolo ni zuri.

Jumatano, 18 Januari

Mvua. Mkaa umelowa.

Jumamosi, 21 Januari

Ya pili. Safari hii niliweka mkaa juu ya mfuniko pia, kama tunavyopika keki. Jivu likaingia ndani. Leticia, rafiki yangu wa ofisini, alikuja kuonja. Alitafuna muda mrefu, akauliza kama huko Marekani wanaila kwa hiari.

Jumamosi, 28 Januari

Leo nimekwenda Peramiho kwa Sista Lidwina, binamu ya marehemu Mama. Nilimkuta bustanini, buti zimejaa udongo mwekundu. Nikamwamkia, nikamweleza habari yote, ya Aidan na ya Baba na ya mkaa. Alisikiliza akipalilia karoti. Kisha akanawa, akaingia ndani, akatoka na kipande cha jibini kilichofungwa kwenye kitambaa, kama ukubwa wa tofali nusu. Akaniambia kingine hakuna mpaka mwezi ujao, kwa hiyo nisikipe kuku.

Nilimuuliza kwa nini anadhani Baba ana hasira kiasi hicho. Wapo waliotuma watoto ng'ambo wakarudi walevi, na wakapokelewa kwa ngoma. Alisema Rupert alikuwa mwepesi wa kucheka kabla hajakwenda Tanga kwenye mkonge, na aliporudi alikuwa mtu mwingine, lakini sababu hakuna aliyewahi kuambiwa. Hata Mama.

Hilo la Tanga nalijua. Baba alikata mkonge miaka minne. Amekwishatuonyesha makovu ya miiba mikononi.

Jumatano, 1 Februari

Ramadhani imeanza. Bashiru sasa anaoka jioni kwa ajili ya futari, na unga nitaupata saa kumi tu. Amesema nisiuminye ninapoutandaza. Niuache upumzike nusu saa, niusukume kwa ncha za vidole, ukirudi nyuma nisishindane nao, nisubiri tena. Mtu amefunga tangu alfajiri, harufu ya mikate imemzunguka, na ana subira ya kunifundisha mimi.

Jumamosi, 4 Februari

Ya tatu, ya kwanza yenye jibini. Sijalala mchana, sijakaa, sijui hata nimekula nini leo. Imekaribia. Imekaribia sana. Ukuta wa unga umesimama wenyewe, kimo cha vidole vitatu. Chini haikuungua. Lakini katikati imebaki na maji, na nilipokata kipande kila kitu kikamwagika kwenye sahani. Ladha, hata hivyo. Jibini ilikuwa inavutika kama utomvu. Nilikula kipande kizima nimesimama.

Nikampelekea Baba sebuleni. Aliangalia sahani, akaangalia redio.

"Nyumba yangu imegeuka jiko la kambi," alisema, akatoka kwenda kuangalia kuku.

Kambi gani?

Jumapili, 5 Februari

Baba kanisani hakukaa upande wetu wa kawaida. Sijui kama ni kwa sababu ya piza.

Ijumaa, 17 Februari

Leo ofisini wamebandika orodha ya wanaopunguzwa. Jina langu ni la nne. Mwisho wa mwezi wa tatu. Leticia pia yumo. Alikaa chini pale pale kwenye korido na viatu akavua.

Nilirudi kwa miguu, mvua inanyesha, mwavuli nimeusahau. Nilidhani nitamwambia Baba kesho, lakini aliniona mlangoni akajua. Alikwenda jikoni akachemsha maji, akaniletea chai yenye tangawizi, tamu kama ninavyoipenda, akanikalisha karibu na moto. Alisema nyumba ipo, shamba la Mpitimbi lipo, na mimi nina mikono miwili. Kisha akaleta taulo.

Ni miaka ishirini na sita naishi na mtu huyu. Sikujua kwamba anajua kiasi cha tangawizi ninachopenda.

Jumamosi, 18 Februari

Ya nne. Jibini imekwisha, nilitengeneza ya maziwa yaliyokatwa kwa ndimu, nikayakamua kwenye kitambaa na kuyagandamiza kwa jiwe. Haiyeyuki, lakini si mbaya. Maji katikati bado.

Alhamisi, 23 Februari

Mvua, mvua, mvua. Barabara ya Tunduru imekatika, unga wa ngano haujaathirika maana unatoka Dar, lakini Zena hajapata habari za mama yake siku kumi.

Jumatano, 1 Machi

Majivu. Kwaresima imeanza. Bado wiki sita na siku chache.

Ijumaa, 3 Machi

Idd. Bashiru hakufungua duka, lakini nilipopita kumpa mkono wa Idd, Zena alinikabidhi donge la unga limefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Kasema ni zawadi yangu ya sikukuu, na mama yake kule Tunduru mzima. Nilifurahi mpaka nikasahau kusema asante, nikarudi kutoka nusu ya njia.

Jumamosi, 4 Machi

Lazima niandike yote leo, nisije kesho nikadhani niliota.

Saa tisa mchana nilianza kupika barazani, kwa sababu jikoni paliingia maji. Sista Lidwina alikuwa ameniletea jibini nyingine. Nyanya nilizichemsha tangu asubuhi mpaka zikawa nzito, zinashikilia mwiko. Mchicha, vitunguu, kitunguu saumu. Nilitandaza unga wa Zena, nikausubiri, nikautandaza tena. Nikapanga kama ilivyoandikwa. Nikaweka sufuria juu ya jiko, mfuniko wa bati juu, mkaa juu ya mfuniko.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani hapo hapo, amenipa mgongo. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Nikapepea moto. Nikafunua kuangalia. Nikafunika. Nikapepea. Nikafunua tena.

"Usifunue," Baba alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikapepea tena chini.

Akainuka. Aliweka kiti pembeni, akakunja mikono ya shati mara mbili mbili mpaka juu ya kiwiko, akanichukulia koleo mkononi. Alianza kuondoa mkaa wa chini, kipande kimoja kimoja, akiuhamishia juu ya mfuniko. Hakuulundika katikati kama mimi. Aliupanga pembeni, duara, kama shanga. Chini aliacha vipande vitano au sita tu, navyo akavisukuma ukingoni. Kisha akaisogeza sufuria ikae juu ya mawe matatu madogo, isiguse moto. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, mbali kidogo, akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Akatoa kipande kimoja cha mkaa.

"Moto wa juu ndio unaooka," alisema. "Wa chini unashikilia tu. Wewe unachemsha."

Nikamuuliza amejulia wapi.

Alibaki amechuchumaa pale, koleo mkononi, anaangalia mkaa. Halafu akaanza kusimulia, na alisimulia akiuangalia mkaa mpaka mwisho, hakuniangalia mimi hata mara moja.

Alikwenda Tanga mwaka 1953, ana miaka kumi na tisa. Walipakiwa kwenye malori kutoka hapa hapa Songea, vijana wengi, kwenda kukata mkonge. Wiki ya pili alipata homa kali, alipopona hakuwa na nguvu ya kukata, msimamizi akamtupa jikoni. Akawa anawapikia watu sitini, ugali kwenye mapipa. Akagundua anaipenda kazi ile. Alisema hivyo, Baba yangu, kwamba aliipenda. Mpishi wa Mgiriki mwenye shamba akamwona, akamfundisha kuoka mikate kwenye shimo, kwa mkaa wa juu na wa chini. Mwaka wa tatu mikate yote ya nyumba kubwa ilikuwa ya kwake. Yule Mgiriki alitaka kumpeleka mjini Tanga akafanye kazi hotelini.

Lakini kambini vijana wenzake, wa kwao, walikuwa wanamwita mama. Mama yetu, tuletee chakula. Mama, umevaa shanga leo? Kila siku, miaka minne. Siku moja mmoja alimfunga kanga kiunoni mbele ya watu wote na wakamcheka mpaka akakimbilia porini. Aliporudi nyumbani alikuwa ameapa kutolitaja jiko lile tena. Makovu ya mikononi si ya miiba ya mkonge. Ni ya moto.

"Nilimwambia kila mtu kwamba nilikata mkonge," alisema. "Mama yako pia. Amekufa anajua nilikata mkonge."

Nikasema, Baba, lakini Aidan hajafanya kosa lolote, amefanya kazi ile ile.

"Ndiyo." Alisogeza kipande cha mkaa kwa koleo. "Ila yeye ameandika kwa mkono wake, na picha juu, anacheka. Mimi miaka arobaini nimeshindwa."

Nilikuwa na hasira naye kwa miaka miwili, na hasira ile niliitafuta nisiione. Nilimshika bega. Lilikuwa la moto kwa sababu ya jiko.

Akasema tayari. Hakufunua kuangalia, alijua kwa harufu. Alipoondoa mfuniko, nyanya zilikuwa zimekauka juu zikawa na rangi ya tofali lililoiva vizuri, ukuta wa unga umekuwa wa dhahabu na umejitenga na sufuria kidogo, pande zote. Nilikata. Kilisimama. Kipande kilisimama chenyewe kwenye sahani, na jibini ikashuka taratibu upande mmoja.

Baba alikula viwili. Cha pili alikipaka pilipili. Akasema chumvi haitoshi, na kwamba nisimwambie Aidan habari za Tanga.

Jumapili, 5 Machi

Sikuota. Sufuria ipo, na ukoko wake.

Jumamosi, 11 Machi

Sasa nina matatizo mapya. Baba amesema unga wa Bashiru umekandwa na mtu mwenye haraka. Asubuhi amekanda wa kwake, na amekataa nimsaidie. Tumepika mbili, moja kwa kila unga. Wa Baba ulikuwa mgumu kama kandambili. Alitafuna kipande chake kizima, akahamia kwenye cha unga wa Bashiru.

Jumanne, 14 Machi

Baba amekwenda kwa Bashiru mwenyewe. Alitoka saa mbili akarudi saa saba. Anasema walikuwa wanaongelea tanuri, kwamba limejengwa vibaya upande wa bomba la moshi na atalirekebisha. Kumbe Bashiru alimwambia siri ya unga: anaukanda usiku na kuuacha ulale kwenye ubaridi, sisi tulikuwa tunauamsha mapema. Baba alinieleza hili kwa sauti ya chini kana kwamba wapo watu wanasikiliza. Ametamka kwamba tutanunua unga dukani na hakuna haja ya kujisumbua.

Jumamosi, 25 Machi

Bashiru alionja leo. Tulimpelekea nzima, ya mchicha na uyoga. Amesema anataka vipande kumi na viwili kila Jumamosi aviweke kwenye kabati lake la kioo, aone kama watu watanunua. Nimerudi nyumbani nikikimbia, mwanamke mzima.

Ijumaa, 31 Machi

Siku ya mwisho ofisini. Tulipeana mikono. Leticia alilia, mimi sikulia, nikaona aibu kwamba sikulia.

Jumamosi, 1 Aprili

Vipande kumi na viwili vimeisha saa tano. Mwalimu mmoja kanunua vinne.

Jumamosi, 8 Aprili

Tulikuwa barazani, Baba anapanga mkaa, akapita Mzee Dastan, jirani yetu wa nyumba ya pili. Baba alidondosha koleo kama limemuunguza. Alinisukumia mimi, akarudi kwenye kiti. Mzee Dastan aliuliza habari za mvua, kisha akauliza habari za Aidan, kwamba amesikia anakuja, je, masomo amemaliza?

"Bado anasoma," Baba alisema.

Nilipepea jiko na machozi yananitoka, nikasema ni moshi. Wiki nzima nilikuwa najiambia nimeshinda. Anakula piza ya Aidan kila Jumamosi, anamfahamu Bashiru kama ndugu, na mbele ya jirani mwanawe bado anasoma.

Jumanne, 11 Aprili

Sijaongea naye siku tatu, ila salamu. Mvua imepungua. Mahindi ya Mpitimbi yanaanza kukauka mashuke.

Alhamisi Kuu, 13 Aprili

Amefika. Amefika, amefika.

Basi lilichelewa, lakini nilisubiri tangu saa nane. Nilimtambua kwa jinsi anavyoshuka, mguu wa kushoto kwanza, kama zamani. Amenenepa. Ana mvi mbili tatu na ana miaka thelathini na moja. Tulishikana pale stendi watu wanatupita na mizigo. Alikuwa na begi moja la nguo na jingine dogo zito ajabu. Ndani mlikuwa na sufuria mbili nyeusi za chuma, amezibeba mapajani kutoka Chicago.

Nyumbani Baba hakuwepo. Alikuwa ameacha ujumbe kwa jirani kwamba amekwenda Mpitimbi kuangalia mahindi. Aidan alisema ni sawa. Alikwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha Mama, hakuingia.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Baba amerudi mchana kwa ajili ya ibada. Aidan akamwamkia shikamoo, akiwa ameinama. Baba akaitika marahaba, akamuuliza safari, akauliza kama ndege zinatikisika. Wakaenda kanisani wamefuatana, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mimi nyuma yao. Leo tumefunga. Hakuna aliyepika kitu, na nadhani ilikuwa afadhali.

Jumamosi, 15 Aprili

Aidan ameona jinsi ninavyopanga mkaa. Akaniuliza nani kanifundisha kuupanga duara, kwa sababu yeye ilimchukua mwaka mzima kuielewa oveni yake. Nilifungua mdomo. Baba alikuwa anapita na ndoo. Nikasema nimejifunza tu.

Pasaka, Jumapili, 16 Aprili

Baada ya misa watu walikuja, kama nilivyotegemea. Hakuna mvua, anga limeoshwa. Mzee Dastan na mkewe, Sista Lidwina na mwenzake, Leticia, Bashiru na Zena na unga kilo nne. Aidan aliomba kupika. Alifunga aproni yake mbele ya watu wote, akatandaza unga kwenye zile sufuria nyeusi, na vidole vyake vilikwenda haraka hata Zena akasogeza kiti ili aone. Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

Sufuria zilipokwenda motoni, Mzee Dastan aliuliza. Aliuliza kwa wema, naamini hivyo. Alimuuliza Aidan amesomea nini hasa huko miaka yote saba, ili naye awaeleze watu.

Aidan alifuta mikono. Alimtazama Baba kwanza. Niliona ameelewa kwamba ipo hadithi iliyokwishasimuliwa hapa, na kwamba yuko tayari kuifuata ikibidi.

Baba akainuka kwenye kiti.

"Hakumaliza masomo," alisema. "Ni mpishi. Yuko jikoni Chicago, hizo ndizo anazopika." Alikuwa anaongea kama anayesoma tangazo kanisani. "Na mimi nilikuwa mpishi. Tanga, miaka minne. Mkonge sikukata."

Nilishika kisu nikasahau kitunguu. Aidan alikuwa amemkodolea macho Baba, mdomo wazi kidogo.

Mzee Dastan alifikiri. Akauliza Tanga sehemu gani, maana shemeji yake alikuwa Korogwe. Baba akataja shamba. Mzee Dastan akasema siyo hilo. Kisha akauliza kama hizo zilizoko motoni zitachukua muda mrefu, kwa sababu harufu inamtesa na amekuwa kwenye mfungo siku arobaini.

Basi. Ndiyo hiyo tu. Miaka arobaini, na ikachukua muda wa mtu kuvuta kiti. Mkewe Mzee Dastan alishaanza kugawa sahani.

Baba alibaki amesimama, mikono haijui pa kukaa. Aidan akamwendea. Hakumkumbatia, mbele ya watu wasingeweza. Alimwonyesha jiko, akamwambia moto wa hapa haufahamu, kama Baba anaweza kumwangalizia.

Baba akakunja mikono ya shati.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeamka nimekuta nyumba tupu. Walikwenda kwa Bashiru kuchukua unga bila kuniambia, wamerudi saa tatu wanabishana kama mkaa wa mti wa mwembe ni mzuri kuliko wa miombo. Aidan amekaa chini barazani na karatasi, anamuuliza Baba ile mikate ya shimoni ilikuwa inakaa muda gani, shimo lilikuwa na kina gani, walilifunika kwa kitu gani. Baba anajibu. Anachora chini kwa kijiti. Sijawahi kumsikia akiongea mfululizo hivi, na mambo mengine hata mimi ndiyo nayasikia leo: jina la yule mpishi aliyemfundisha, wimbo waliokuwa wanaimba wakikanda, jinsi alivyolia alipoondoka. Sasa hivi ameniita nilete jembe. Wanataka kuchimba.